Safu ya Wasiofika

Pickering, Jumamosi alasiri

Kwako Kabula, mwanangu,

Ninakuandikia kwenye meza ya chakula, kwa kuwa meza yangu ya kazi imetwaliwa na mama yako. Ametandaza juu yake orodha ya vitu vyako na anaipitia kwa mara ya nne, akiweka alama ya vema kando ya vitu ambavyo tayari vina alama ya vema. Wewe umekwenda Parkdale kuwaaga rafiki zako na umeahidi kurudi kabla ya chakula cha jioni. Ndege ni kesho. Nina saa tatu hivi, na sitazitumia kukueleza habari za dawa ya malaria, nakala za pasipoti, wala namna ya kufungasha betri za droni ili zisikataliwe uwanjani. Hayo yote yamo katika orodha, na tangu nimjue mama yako, orodha zake hazijapata kukosea. Zangu ndizo zilizokosea, na barua hii inahusu mojawapo.

Ninaandika kwa Kiswahili nikijua kwamba utaisoma polepole. Umekulia hapa, unasikia kila neno tunalolisema na unatujibu kwa Kiingereza. Sijawahi kulalamika, na leo silalamiki. Ila mambo nitakayokusimulia yalitendeka kwa Kiswahili, na watu waliosema waliyoyasema waliyasema kwa Kiswahili. Nikiyahamishia Kiingereza nitayapunguza, nami nimekwisha kuyapunguza vya kutosha.

Nianze na furaha, maana ndiyo iliyonijaa tangu asubuhi, na usipoielewa hutaelewa kwa nini yanayofuata yananiuma. Jumanne utakuwa Mwanza. Utapandisha droni saba juu ya mji nilikofanyia kazi ujana wangu wote, kila moja ikiwa imebeba chombo kidogo kinachofanya kazi ya mnara wa simu, nazo zitapokezana mawimbi angani, ili gari lililombeba mtoto mchanga likipita nyuma ya vilima vile vya mawe, mahali ambapo simu hukatika, picha yake iendelee kumfikia daktari. Kazi yangu imenizoesha kusema kwa tahadhari. Neno "ajabu" nimelifuta katika rasimu za watu wengi kiasi kwamba wengine huniwekea kwa makusudi ili kunichokoza. Leo naliandika mwenyewe na silifuti: hili ni jambo la ajabu, Kabula.

Unalikumbuka jaribio la kwanza, kwenye lile shamba la kaskazini ya Markham, baridi ilipokuwa ndiyo kwanza inaanza. Wewe ulisimama kwenye nyasi zilizoganda, kidhibiti mkononi. Mimi niliketi ndani ya gari letu na kishikwambi magotini, nikiwa ndiye daktari wa hospitali kuu. Mama yako alikuwa katika gari la kukodi upande wa pili wa kilima chenye miti, akiwa ndiye muuguzi wa zahanati. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa amemlaza mwanasesere wako wa zamani, amevishwa mfuko wa nailoni kiunoni, na ndani ya mfuko zimo tambi za kuigiza utumbo, alizozichemsha alfajiri ile kwa ajili ya kazi hiyo tu. Simu ilikuwa imefungwa kwenye kishikio, ikimtazama mgonjwa.

"Mgonjwa anaendeleaje?" nilimwuliza.

"Mgonjwa anasema tambi zimepoa, na daktari hana adabu, hajamsalimia."

"Mwambie pole."

"Anasema pole haitoshi, anataka mchuzi."

Kisha gari likaingia nyuma ya kilima. Picha iliganda, ikavunjikavunjika, ikatoweka. Nilikuona ukiinua uso wako, na droni ya tano ikapanda juu ya miti ikatulia pale kana kwamba imetundikwa. Picha ikarudi. Niliona kila tambi. Niliona pia kwamba mama yako, kwa kugeuza gari, alikuwa amesababisha mwanasesere aviringike na kulala chali.

"Mlaze ubavu wa kulia," nilisema.

Gari likasimama. "Nimemlaza."

Kati ya agizo langu na mkono wa mama yako hapakupita muda wa kuvuta pumzi mbili. Ukaja dirishani, ukainama, ukanitazama.

"Baba, unalia?"

"Ninahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Sekunde."

Ulicheka ukarudi kwenye droni zako. Nilikuwa nikihesabu kweli. Lakini sikuwa nikihesabu sekunde tu.

Mtoto anayezaliwa utumbo ukiwa nje, umetokea katika tundu dogo kando ya kitovu, hauawi na lile tundu. Anauawa na baridi, na kukauka, na utumbo kujipinda kwa uzito wake wenyewe hadi damu ikashindwa kupita. Akivishwa mfuko safi usiozuia kuona, akatiwa joto, akalazwa ubavu wa kulia ili mishipa isijinyonge, anaweza kusafiri mwendo mrefu na kufika akiwa hai. Mambo matatu, na yote matatu muuguzi wa zahanati anaweza kuyafanya ikiwa kuna mtu wa kumwonyesha. Nilipoanza kazi hatukuyajua vizuri. Tulikuwa tukimkimbiza mtoto chumba cha upasuaji mara anapofika na kuurudisha utumbo wote kwa mkupuo mmoja ndani ya tumbo lisilo na nafasi. Wengi walishindwa kupumua. Baadaye tukajifunza kungoja: utumbo huning'inizwa juu ya mtoto ndani ya mfuko, na kila siku hushushwa kidogo, tumbo likijitanua kuupokea, mpaka siku moja mfuko unabaki mtupu na tundu linajifunga karibu lenyewe. Mifuko ya kiwandani hatukuwa nayo. Sista Leokadia, muuguzi mkuu wa wodi yetu, alikata mifuko ya mkojo, akaitakasa, akanionyesha mahali pa kushona. Nami, daktari bingwa, nikashona alipoonyesha.

Tazama kazi hii ilipofikia sasa. Unajua kwamba hapa Toronto sishiki kisu. Leseni sikuipata, na mkate wangu naupata kwa kusoma tafiti za madaktari wengine na kuwauliza maswali wasiyoyapenda. Hata hivyo naruhusiwa kusimama kwenye kona ya chumba cha upasuaji. Mwezi uliopita nilimwona daktari akidunga rangi kwenye mshipa wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwepesi kuliko paka wa jirani yetu. Taa zikapunguzwa. Chini ya kamera maalumu utumbo ukang'aa kijani pale damu ilipopita, ukabaki mweusi pale ambapo haikupita, na mpaka kati ya uhai na kifo ukaonekana kama mpaka kwenye ramani. Sisi mpaka huo tulikuwa tukiukisia kwa rangi, kwa kugusa, na kwa kumwomba Mungu, na tukikosea tulimkatia mtoto utumbo ambao angeuhitaji maisha yake yote. Nimewaona watoto wakitengenezewa koo la chakula kwa kamera nyembamba kama kalamu, makovu yao yakiwa madogo kuliko alama ya chanjo. Nimeshika mkononi moyo wa plastiki uliochapishwa kwa kipimo kamili cha moyo wa mtoto aliyekuwa amelala chumba cha pili, ili daktari aufanyie mazoezi Jumatatu kabla ya kuufungua wenyewe Jumanne. Wapo wanaotibiwa uti wa mgongo kabla hawajazaliwa. Ninapanda treni ya asubuhi nikiwa na hamu ya kufika kazini kama kijana aliyeajiriwa jana, na umri wangu unaujua.

Na kila nilichokitaja hapo juu kinamfaa mtoto aliyefika.

Majuma mawili yaliyopita uliniletea mpango wa majaribio yenu, ukaniambia, "Baba, usinihurumie." Sikukuhurumia. Niliweka alama nyekundu mahali kumi na moja. Kumi ulizikubali, mbili kati yake ukinung'unika. Ya kumi na moja uliikataa. Ilikuwa ukurasa wa sita, mstari mmoja mfupi, ulioandikwa vizuri: safari ambazo mawasiliano hayakupatikana hazitaingizwa katika uchambuzi.

"Hiyo ni kawaida," ulisema. "Siwezi kupima ubora wa picha ambayo haikutumwa."

"Na mtoto aliyekuwamo kwenye gari hilo utamweka wapi?"

"Hospitali itamwandika akifika."

"Asipofika?"

"Basi hilo si suala la mtandao, Baba."

Nilipandisha sauti. Hujanisikia nikipandisha sauti mara nyingi, na nadhani ulishangaa zaidi ya kukasirika. Mama yako aligonga meza kwa mwiko. "Nyie wawili, ugali unakuwa jiwe. Mtoto mnayemgombania hata mimba yake haijatunga."

Ukanitazama, ukauliza kwa utulivu kabisa, utulivu ambao natambua ulikotoka: "Kwa nini unalishika jambo hili kana kwamba ni ugomvi wako mwenyewe?"

Nikasema nakwenda kuondoa theluji kwenye gari. Ulijua, kama nilivyojua, kwamba theluji ilikuwa imeyeyuka tangu juzi yake.

Swali lako lilistahili jibu, na nilikunyima. Jumatano utaketi na wenzako kuufunga mpango huo. Ukishafungwa na droni zikaanza kupanda, hautaguswa tena mpaka majaribio yaishe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwa hiyo jibu haliwezi kungoja.

Mwaka tulioanza kutumia mifuko ya Sista Leokadia niliamua kuhesabu. Wenzangu waliridhika kuona watoto wanapona; mimi nilitaka kuonyesha. Niliandika kanuni ya utafiti kwa uangalifu mkubwa, na hadi leo ningeweza kuitetea mbele ya jopo lolote: mtoto ataingizwa iwapo amelazwa wodini na kupewa namba ya kulazwa. Bila namba hakuna faili, na bila faili hakuna cha kupima. Unaisikia sauti yake? Ni ile ile ya ukurasa wa sita.

Asubuhi moja ya mvua, mtu mmoja aitwaye Masanja, fundi baiskeli, alishuka kwenye gari la kukodi mbele ya mapokezi akiwa amekumbatia kitenge kilichokunjwa. Mkewe alikuwa amebaki zahanati walikotoka, hajaweza hata kusimama. Ndani ya kitenge alikuwamo mtoto wao wa siku moja. Utumbo ulikuwa umekauka ukashikamana na nguo. Alikuwa amekwisha kufariki, pengine tangu walipokuwa nyuma ya vilima. Nilimpima hata hivyo. Nilifanya kila ambacho daktari anapaswa kukifanya mbele ya baba, nikasema kila ambacho hupaswa kusemwa, na Masanja akanishukuru. Alipopelekwa kuketi, Sista Leokadia alinijia na daftari la wodi limefunguliwa.

"Daktari, nimwandike?"

"Hajalazwa, Sista."

"Kwa hiyo nisimwandike."

"Kanuni unaijua."

Alilifunga daftari. Sikuona alikuwa na uso wa namna gani, kwa sababu sikumtazama.

Huyo hakuwa wa kwanza kufika namna ile, wala hakuwa wa mwisho.

Jedwali langu lilitoka zuri. Hakuna ndani yake namba hata moja ya uongo. Nimelirudia mara nyingi nikitafuta, maana uongo ungekuwa rahisi kuutubu. Nililisoma mbele ya watu wazima waliovaa suti, wakapiga makofi. Lilinifungulia mlango wa kuja kusoma Toronto, na wewe, ukiwa na miaka minne, ukavalishwa koti lako la kwanza la theluji kwa sababu ya jedwali hilo. Hilo nilikuwa radhi kukusimulia siku zote. Lisilosimuliwa ni kwamba waliokuwa wakigawa vifaa nao walilisoma. Waliona kuwa tatizo liko wodini na kuwa wodi imelipatia dawa. Mifuko halisi ilipopatikana hatimaye, ikaletwa wodini. Vitanda vya kutia joto, wodini. Mafunzo, kwa wauguzi wa wodini. Zahanati za nyuma ya vilima hazikupata kitu, kwa kuwa katika karatasi yangu hapakuwa na mtoto aliyekufa huko. Sijui ni wangapi waliendelea kufungwa vitenge vikavu na kulazwa chali baada ya hapo. Nimeishi kwa kuhesabu, na hao siwezi kuwahesabu.

Masanja alirudi baada ya majuma mawili. Alihitaji karatasi ya kifo, na karatasi ilipokwisha kuandikwa hakuondoka.

"Nilikuwa naomba kuona jina lake," alisema. "Nilione tu, halafu niende."

Sista alifungua daftari la wodi na kupitisha kidole kutoka juu hadi chini, ukurasa ule na uliofuata, ingawa alijua. "Hayumo."

"Kwa hiyo hakuja?"

"Alikuja."

"Sasa mbona hayumo?"

Nilimweleza mimi. Nilimweleza kwa heshima na kwa lugha nyepesi tofauti ya kufika na kulazwa, na faili ni nini, na kwa nini hesabu lazima iwe na mipaka. Nikaongeza, nikidhani namfariji, kwamba hata waliolazwa hawakuandikwa majina yao. Kwetu kichanga aliandikwa kwa jina la mama yake, "Mtoto wa fulani", mpaka siku atakaporudi kliniki akiwa na jina.

"Huyu alikuwa nalo," Masanja alisema. "Elias. La babu yake. Nilimpa palepale garini, nilipoona ameacha kuniangalia."

Alikunja karatasi yake, akaiingiza mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Nimekuelewa, daktari. Ila mimi nilimleta."

Alituaga wote wawili kwa mkono.

Ningependa kukuambia kwamba nililibadilisha jedwali siku ile. Lilikuwa bado halijachapishwa, ningeweza. Nilijiambia kuwa huzuni ya mtu mmoja haiwezi kuvunja kanuni nzuri, na kwamba siku nyingine nitaandika utafiti wa pili kuhusu wanaofia njiani. Utafiti huo wa pili nimekuwa karibu kuuanza kwa miaka ishirini.

Sasa sehemu iliyo yako. Ulikuwa na miaka tisa, na shule ilikuwa na maonyesho ya sayansi. Kwa jioni tatu ulirusha ndege za karatasi kutoka juu ya ngazi za nyumba hii, mama yako akilalamika kwamba anaishi kwenye uwanja wa ndege. Kila mrusho uliuandika kwenye daftari, hata wa ile ndege iliyodondoka palepale miguuni pako. Niliketi nawe kwenye ngazi kulipitia. Nilichukua penseli yako nikakuonyesha.

"Hizi zifute. Hazikuruka."

"Lakini nilizirusha, Baba."

Hilo ulilisema kwa Kiswahili. Nami nikakueleza kanuni, kwa upole, kwa lugha nyepesi, kama nilivyokuwa nimemweleza Masanja, na maneno yake hayakunijia hata kidogo. Ulizifuta. Uliponyoosha mstari wa mchoro ukapendeza, na ukapata utepe wa nafasi ya pili ambao bado umebandikwa kwenye mlango wa chumba chako. Nimeupita kila asubuhi. Nilikuja kuutambua ulivyo siku nilipofika ukurasa wa sita wa mpango wako. Mstari ule ulioukatalia kalamu yangu nyekundu hukuuandika wewe, Kabula. Niliuandika mimi, ngazini, kwa penseli yako.

Ndiyo sababu nililishika kama ugomvi wangu.

Jumatano iliyopita nilimpigia simu Sista Leokadia. Namba yake niliipata kwa mama yako, ambaye kumbe amekuwa akimtumia salamu za Krismasi miaka yote hii bila kuniambia, kwa kuwa sikuuliza. Amestaafu, anafundisha kwaya kanisani na kufuga kuku.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nilijitaja.

"Ee! Daktari wa mifuko? Tulisikia baridi ya huko imekugandisha."

"Bado kidogo."

"Na Kabula? Yule aliyekuwa akila chaki?"

Nilimweleza habari zako, droni, vilima, mpango. Alicheka kwa furaha na kuniuliza kama droni zinaweza kubeba kuku. Kisha nikamwambia nililompigia. Nilikuwa nimeliandaa kwenye karatasi, nikalisoma lote: kanuni, Elias, daftari lililofungwa, zahanati ambazo hazikupata kitu. Nilimwomba radhi kwa kumfanya alifunge.

"Daktari," alisema, "ulidhani nilikutii?"

"Nilikuona ukilifunga."

"Nililifunga la kwako. La kwangu lilikuwa kwenye mkoba. Daftari la kwaya. Mbele nyimbo, nyuma watoto."

Alikuwa amewaandika wote. Kila aliyeletwa akiwa amekwisha kufa, tangu kabla ya Elias mpaka siku aliyostaafu. Alimwuliza kila mzazi jina, na pale ambapo jina halikuwapo aliandika walikotoka, njia waliyopita, na rangi ya nguo aliyofungwa mtoto. Kumbuka hilo, Kabula: walikotoka na njia waliyopita. Mwanamke yule, kwa kalamu ya kwaya, alikusanya data ambayo mimi na shahada zangu tuliitupa.

"Wako wangapi?" niliuliza.

"Sikuambii."

"Sista."

"Sikuambii kwa simu. Nikikupa namba utatengeneza jedwali, na mimi nakujua. Huyo binti aje. Awasome mmoja mmoja, nimpikie na kuku. Halafu atakuhesabia yeye."

Nimekwisha kuandika barua nyingine wiki hii, kwa wale waliolichapisha jedwali langu, kuwaeleza ni watoto gani halikuwahesabu. Ni fupi kuliko hii na haikunichukua hata saa moja. Jambo lililonishinda kwa miaka ishirini lilihitaji aya mbili. Sijui watalifanyia nini, huenda wasijibu. Hilo ni langu kulibeba.

Kuhusu lako, sikuagizi. Wewe ndiye mhandisi, na Jumatano utakuwa na wenzako ambao mimi siwajui na ambao wana sababu zao. Najua kuongeza safu ya wasiofika katika jedwali lenu kutawaharibia matokeo. Droni zenu zitaonekana dhaifu kuliko zilivyo, na mtu wa kwanza atakayeisoma ripoti atauliza kwa nini mmejishitaki wenyewe. Utalazimika kumtafuta mtu wa kuuliza kila zahanati kila jioni ni gari gani liliondoka na halikuonekana tena, kazi ya kuchosha isiyo na teknolojia yoyote ndani yake. Lakini fikiria utakachokipata. Picha zikikatika, zitakuwa zimekatikia mahali fulani. Ukiandika kila safari iliyonyamaza, njia iliyopita na hali ya hewa ya siku hiyo, baada ya miezi michache utakuwa na ramani ya ukimya wa mji mzima, na ramani hiyo itakuonyesha, karibu kwa hatua za miguu, mahali pa kuipandisha droni ya nane. Ukiwafuta, hutapajua kamwe. Nilipoliona hilo, kalamu nyekundu mkononi, nilisimama nikazunguka meza hii mara mbili. Mama yako aliuliza kama nimepotelewa na kitu. Nilimwambia nimepata.

Na daftari la kwaya ndilo mwanzo wa ramani hiyo. Miaka mingi ya njia zilizonyamaza, imekaa kwenye mkoba wa mwalimu wa kwaya, ikikungoja wewe na droni zako.

Nasikia gari lako linaingia, na mama yako anatangaza kutoka jikoni kwamba leo hakuna majadiliano ya kisayansi mezani mpaka sahani zioshwe. Kwa hiyo nafunga. Anwani ya Sista Leokadia iko katika orodha. Niliiongeza mwenyewe chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, na mama yako ameiwekea alama ya vema kabla hata hujaifikia.

Nenda, mwanangu, na furaha hii yote niliyo nayo uiingize kwenye begi; haina uzito wa kulipiwa. Elias wa Masanja yuko ukurasa wa tatu kutoka nyuma. Sista amenihakikishia. Anza naye.

Baba yako